Simba Asiye Simba: Kiswahili katika Majina ya Wanyama wa Kale

Kwa muda mrefu wataalamu wanaovipa majina visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, walitegemea Kigiriki na Kilatini. Katika miaka ya karibuni baadhi yao wamegeukia Kiswahili. Jambo hilo ni la kushukuru. Lakini neno likiazimwa huja na sarufi yake na maana yake, na ni juu yetu kuuliza kama limetumiwa ipasavyo. Tumechagua majina manne tuyapime kwa vigezo viwili: upatanisho na maana.

Mwaka 2010 mnyama wa Bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, aliye jamaa wa karibu wa dinosaria, aliitwa Asilisaurus kongwe. Jina la kwanza ni nusu Kigiriki, lakini "asili" na "kongwe" hayapotoshi. Mwaka 2017 dinosaria wa Songwe aliitwa Shingopana songwensis. "Shingo pana" ni upatanisho sahihi. Mwaka 2019 dinosaria aliyepatikana kwenye Mto Mtuka aliitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa kuwa pingili ya mkia wake ina umbo la moyo. Hapa "-a" unganifu imepatana na nomino zote mbili. Jina ni refu, lakini mwenye lugha hulielewa mara moja.

Mwaka huohuo wa 2019 alitangazwa pia Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama aliyeishi miaka ipatayo milioni 22 iliyopita. Mifupa yake, iliyochimbuliwa Meswa Bridge magharibi mwa Kenya, ilikuwa imehifadhiwa Nairobi kwa miongo kadhaa. Ugunduzi ni mkubwa, lakini jina lina ila mbili. Kwanza, Kiswahili sanifu husema "simba mkubwa". Wapo watakaotujibu kuwa hali ya ukubwa huruhusu "simba kubwa". Lakini hali hiyo mara nyingi hubeba dharau, na hatudhani kuwa ndiyo iliyokusudiwa. Pili, na hili ndilo zito zaidi, mnyama huyo hakuwa simba. Alikuwa wa kundi la wala nyama lililokwisha kutoweka, lisilo la simba wala la fisi. Msomaji wa London halioni kosa hilo, maana kwake neno ni sauti tupu. Mwanafunzi wa Kisumu au Lindi analiona neno analolijua, naye atashika kuwa simba wa leo ametokana na huyo.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na kupelekwa Berlin, imezungumzwa kwetu miaka mingi kwa jina la "mjusi". Dinosaria si mjusi. Miguu yake ilisimama wima chini ya kiwiliwili, na jamaa zake walio hai ni ndege na mamba. Kosa hilo lina mizizi katika jina lenyewe, lililoundwa na Richard Owen mwaka 1842 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Aliyelitafsiri jina alitafsiri na kosa lake. Neno la mkopo "dinosaria" halimwelezi mtoto chochote, lakini pia halimdanganyi.

Hivyo tunashauri kwamba istilahi isiyojieleza ni bora kuliko inayojieleza kwa uongo. Kanuni za kimataifa hushikilia tahajia ya awali ya jina la kisayansi, kwa hiyo Simbakubwa atabaki Simbakubwa. Kilichobaki mikononi mwetu ni viwili. Vitabu vya shule viandike "dinosaria", na vimtajapo Simbakubwa vieleze papo hapo kuwa hakuwa simba. Nao watafiti, kabla ya kuchapisha jina la Kiswahili, waulize wenye lugha. Swali la siku moja lingezuia kosa la kudumu.