Babu, Paza Sauti

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi, na kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikautoa kwenye santuri. Humo mna inanga ya mnong'ono: mpigaji ananong'ona huku akicharaza nyuzi. Sikujua uzuri wa rekodi ile mpaka nilipoharibu ya kwangu, Kibondo.

Nilikuwa na kinasa sauti cha dijitali chenye njia nyingi. Maikrofoni moja niliielekeza kwenye nyuzi, nyingine mdomoni mwa mzee aliyejifunzia inanga Burundi. Kwenye hedifoni nikafungua njia ya mdomo peke yake. Nikasikia pumzi tu, na taa za kipimo zilikuwa chini.

"Babu, paza sauti kidogo."

Akapaza. Taa zikapanda vizuri, bila kugusa sifuri, mahali ambapo sauti ya dijitali hukwaruza. Lakini wimbo ulikufa.

Kirundi, kama Kiha, ni lugha ya toni. Mnong'ono hauna toni; sikio huiazima kwenye nyuzi. Kwa hiyo kusikiliza njia moja moja, kama nilivyofanya, ni kusikiliza kitu ambacho mzee hakukiimba.

Ndani ya basi la Kasulu nilisikiliza rekodi zote mbili. Yangu ni safi zaidi. Ya Vuylsteke ndiyo yenye wimbo, kwa kuwa pumzi na nyuzi zinafika pamoja.

Nitarudi kumwomba babu anong'one tena. Safari hii nitafungua njia zote mbili, ninyamaze.