Tamthilia ya Kikorea Njema Utaijuaje?

Mji wa Kale wa Mombasa haukuanza jana kubishana juu ya filamu. Waliokuwa wakienda sinema za Regal na Naaz walizichambua filamu za Kihindi wimbo kwa wimbo, na mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo akazichukua tuni zake akazitilia mashairi ya Kiswahili, zikaimbwa arusini. Sasa zamu ni ya Wakorea. Ukiwakuta mawifi wawili wa Kibokoni wamenuniana, usidhani ni mambo ya nyumba. Huenda kila mmoja ana stelingi wake. Ubishi wenyewe mtamu, ila mara nyingi huishia kwenye "huyu mzuri, yule simtaki." Uzuri wa sura kila mtu anauona. Kuiona kazi ndiko kunakotaka mazoezi.

Anza na mwandishi

Tamthilia nyingi za Korea huandikwa na mtu mmoja, au wawili, tangu sehemu ya kwanza hadi ya mwisho. Ndiyo maana shabiki mzoefu haulizi nani anacheza kabla ya kuuliza nani kaandika. Park Ji-eun, mwandishi wa *Crash Landing on You* (2019) na *Queen of Tears* (2024), atakuchekesha kwanza ndipo akulize. Kim Eun-sook wa *Goblin* na *The Glory* ana maneno makali ambayo mashabiki huyahifadhi. Lim Sang-choon hupenda watu wa kawaida: mwenye baa wa mji mdogo, mvuvi, mama asiye na kitu. Mwigizaji hata awe hodari vipi, mwandishi akiishiwa naye huishiwa.

Hesabu sehemu, uliza sababu

Hapa ndipo penye siri kubwa, maana idadi ya sehemu hupangwa na mwenye kituo au mwenye mtandao kabla ya msanii.

Zamani vituo vya runinga vya Korea vilionyesha sehemu mbili kwa wiki, na tamthilia ya mapenzi kwa kawaida ilikuwa na sehemu 16. Kazi ilirekodiwa huku ikirushwa hewani; pengine karatasi za maneno ziliwafikia waigizaji siku ile ile ya kupiga picha. Watazamaji wakipenda, hadithi hurefushwa. *Jumong* ya MBC (2006 hadi 2007) ilipangiwa sehemu 60 ikafika 81. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maji hayo utayatambua hivi: kumbukumbu zile zile zinarudiwa, wapendanao wanaachana na kurudiana bila jambo jipya, na karibu na mwisho mtu anapata maradhi ya ghafla.

Netflix ilipoanza kupatikana Kenya mwaka 2016, Wakorea wenyewe walikuwa wanabadilika. *Kingdom* (2019), tamthilia ya kwanza ya Kikorea iliyotengenezwa kwa ajili ya mtandao huo, ilikuwa na sehemu sita tu kwa msimu, imekamilika yote kabla ya kuonyeshwa, na ina damu ambayo kituo cha kawaida kisingeiruhusu. Maji yakapungua, ila ukaja ugonjwa mwingine: hadithi moja kukatwa vipande ili watu wasisitishe malipo. Msimu wa kwanza wa *Squid Game* (2021) unasimama wenyewe kwa sehemu tisa. Wa pili, wa Disemba 2024, unakatika mchezo haujesha, na mwenye kiu akangoja mpaka Juni 2025.

Hata hivyo kukata si kosa kila mara. *When Life Gives You Tangerines* (2025) ya Lim Sang-choon ilitolewa sehemu nne kila Ijumaa, wiki nne. Hadithi ni ya maisha ya mke na mume wa kisiwa cha Jeju, imegawanywa kwa majira manne ya mwaka, na kila fungu la sehemu nne ni majira yake. Mkato ulilingana na hadithi. Basi ukifika mwisho wa sehemu jiulize: nimeachwa hapa kwa sababu jambo limetimia, au kwa sababu wanataka nibonyeze tena?

Tazama mikono na sahani

Tamthilia njema hukueleza watu kabla hawajasema. Tazama namna kijana anavyommiminia mkubwa kinywaji kwa mikono miwili, kisha siku wanapokosana anammiminia kwa mmoja. Mwongozaji makini hatakuongezea maelezo.

Mfano bora ni sehemu ya kwanza ya *Reply 1988* (tvN, 2015), kisa cha majirani wa kichochoro cha Ssangmun-dong, Seoul. Jioni imeingia, akina mama wanawaita watoto kula. Kabla hawajaketi, kila mmoja anatumwa chakula kwa jirani. Watoto wanapishana kichochoroni, huyu na bakuli, yule na sahani, wanakwenda na kurudi, mpaka mmoja anauliza kwa nini wasile pamoja tu. Kwa dakika chache umeshajua nyumba gani ina uwezo, ipi inaishi chini ya nyumba ya mwenziwe, wapi hakuna baba na wapi hakuna mama. Aliyekulia Mkanyageni akibeba sahani za futari mwezi wa Ramadhani hahitaji tafsiri.

Sikiliza nyimbo, hesabu matangazo

Wimbo ukilia kila wapendanao wanapotazamana, unafanya kazi iliyowashinda waigizaji. Ama matangazo, tangu sheria ya Korea iruhusu bidhaa kuonyeshwa ndani ya tamthilia mwaka 2010, mikate ya Subway imeliwa katika tamthilia nyingi. Msamehe mtayarishaji, pesa lazima zipatikane. Usimsamehe mwandishi anayemsimamisha mtu katikati ya huzuni ili asifie kahawa.

Mwisho uwe na mizizi

*Reply 1988* iliwagawa mashabiki: msichana ataolewa na nani kati ya wawili? Simtaji, wapo ambao hawajafika. Lakini rudi uitazame upya ukiwa unajua, utaona dalili zimetawanywa tangu mapema, nyingi ndani ya mzaha. Mwisho wa namna hiyo unaweza kukukera na bado ukawa halali. Ule unaokufurahisha bila kuandaliwa ni zawadi tu.

Pima na za kwetu

Vipimo hivi havijui pasipoti. *Sultana*, tamthilia ya Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ilianza Citizen TV mwaka 2022 na kisa cha msichana wa Pwani asiyeona. Tamthilia ya jioni baada ya jioni ina njaa ya visa kuliko ya Kikorea ya mara mbili kwa wiki, kwa hiyo maji huingia upesi zaidi. Kuidai kazi bora ni heshima, na wenzetu wa Seoul walifika walipofika kwa sababu watazamaji wao walilalamika bila haya.

Kwa hiyo, msomaji, tamthilia mpya ipe sehemu mbili. Ikiwa hujajua nani anataka nini, na nini kinamzuia, funga simu uweke bando lako. Na usiku ukibishana na wifi yako, sura ziacheni kando. Mtajie mwandishi, umwonyeshe mkato, umuulize mwisho ulipandwa wapi.