Neno "Thabiti" katika Istilahi za Emalsheni

Msomaji aliyewahi kusimama kando ya josho katika vijiji vya Mpwapwa, Bahi au Chamwino amekwisha kuiona emalsheni, hata kama jina hilo ni geni kwake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe hutoka katika kopo ikiwa kimiminika chenye asili ya mafuta. Imiminwapo majini, maji hugeuka meupe kama maziwa. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jinsi watafsiri wanavyolieleza jambo hilo kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba kasoro ndogo ya istilahi yaweza kumfikia mfugaji ikiwa hasara kubwa.

Kasoro ya kwanza ni kuiita emalsheni "myeyusho". Chumvi ikiyeyuka majini haijitengi tena kwa kuachwa imetulia, na kila kijiko cha maji hayo huwa na ladha ile ile. Dawa nyingi za kuogeshea mifugo, hasa zile zenye herufi EC katika vibandiko vyake, hazifanyi hivyo. Mafuta yaliyobeba dawa hutawanyika majini katika matone madogo sana, na yakiachwa kwa muda matone hayo hupanda juu au hushuka chini. Ndiyo sababu josho huvurugwa kabla ya kazi kuanza, na ng'ombe wa kwanza hurudishwa kuoga tena. Mfugaji aliyeambiwa kwamba dawa yake ni myeyusho hana sababu ya kuvuruga. Matokeo yake, ng'ombe mmoja hupata dawa kali kupita kiasi, na mwingine hupata dawa hafifu isiyoua kupe waenezao ndigana kali. Hapo kosa si la mfugaji, bali ni la neno alilopewa.

Kasoro ya pili ni ngumu zaidi, nayo inahusu neno "thabiti". Siku hizi watafiti wa nchi mbalimbali hutengeneza nanoemalsheni, yaani emalsheni ambazo matone yake kwa kawaida huwa na kipenyo cha nanomita 20 hadi 200. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Mafuta ya mwarobaini, mti unaojulikana sana katika nyanda hizi kame, yamefanyiwa majaribio ya namna hiyo kwa nia ya kupambana na wadudu. Maandishi ya kazi hizo husema kwamba nanoemalsheni ni "thabiti", na mtafsiri hulinakili neno hilo bila kuuliza ni uthabiti wa namna gani.

Hapana budi kuuliza. Kuna hali isiyotengana kwa sababu hiyo ndiyo hali yake ya asili, na kuna hali inayokawia tu kutengana. Nanoemalsheni imo katika kundi la pili. Matone yake ni madogo mno, hivyo hayapandi wala kuzama upesi. Lakini matone madogo huendelea kupoteza mafuta yake, na makubwa huyapokea na kukua. Siku moja hutengana. Mtafsiri anayeandika "thabiti" bila maelezo humwambia mwuza dawa kwamba kopo laweza kukaa ghalani bila kikomo, jambo ambalo mtafiti hakulisema.

Tusidhani kwamba lugha za kigeni zimesalimika. Jina la mikroemalsheni lilitolewa mwaka 1959 na Schulman na wenzake, kabla jina la nanoemalsheni halijaenea. Mtu akifuata viambishi atadhani kwamba mikroemalsheni ina matone makubwa kuliko nanoemalsheni. La hasha! Mara nyingi matone yake ni madogo zaidi, na hiyo ndiyo iliyo thabiti kwa asili yake. Kwa hiyo anayetafsiri "mikro" na "nano" kwa kutazama ukubwa peke yake hurithi kosa la wengine na kulipa uraia katika Kiswahili.

Katika kueleza njia za utengenezaji, wapo watakaovutwa na kitenzi "kusuka". Tunakionea shaka. Mfugaji husuka maziwa kibuyuni ili mafuta yajitenge, ambapo mtengenezaji wa nanoemalsheni hutaka yatawanyike. Afadhali kusema waziwazi: kimiminika husukumwa kwa shinikizo kubwa katika upenyo mwembamba, au hupasuliwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Njia nyingine haihitaji nguvu nyingi, bali hubadili joto, kama Shinoda alivyoonyesha katika miaka ya 1960.

Njia zote hizo huhitaji kemikali inayokaa mpakani mwa mafuta na maji na kupunguza mvutano wa uso. Sabuni ni mfano mmoja tu, hivyo kuziita zote "sabuni" ni kupotosha. Griffin alizipangia kipimo mwaka 1949: zenye namba ndogo hupenda mafuta, na zenye namba kubwa hupenda maji. Span 80 ina 4.3, na Tween 80 ina 15. Kwa kemikali hizi tunapendekeza "kilegezauso", kwa kufuata muundo wa kipazasauti, ambao wananchi wameuzoea. Neno "uso" limekwisha kukubalika katika fizikia, na kitenzi "kulegeza" hueleza kazi yenyewe.

Kwa emalsheni hatuoni ubaya wa kulitumia neno la mkopo, mradi mara ya kwanza lifafanuliwe kuwa ni mtawanyo wa matone. Neno "thabiti" liachiwe mikroemalsheni na hali nyingine zisizotengana; nanoemalsheni isemwe kuwa "yenye kukawia kutengana", na muda utajwe. Maneno hayo ni marefu, nasi twakiri hivyo. Lakini kibandiko chenye neno fupi na la uongo hakimsaidii mfugaji aliye mbali na mtaalamu. Twawaomba walimu na watafsiri wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na mahali tulipokosea watukosoe.