Aliyetazama Mkia

Treni inapoingia stesheni, macho ya watu huenda mbele. Huenda kwenye kichwa na honi yake, kwa dereva aliyetoa kiwiko dirishani. Wauza asali na karanga wanakimbilia madirisha, abiria wanatafuta behewa lao. Nilipokuwa mtoto, katika stesheni moja ndogo magharibi ya Kaliua, nilimwona mtu mmoja tu akifanya kinyume. Alikuwa mjomba wangu, mtu wa ishara. Alisimama ukingoni mwa jukwaa, bendera imekunjwa kwapani, akakiacha kichwa kimpite, akayaacha mabehewa yampite, mpaka lile la mwisho kabisa. Hilo ndilo alilolikazia macho. Kisha akaingia ofisini bila kusema na mtu.

Alikuwa akitafuta taa. Nyuma ya behewa la mwisho huwapo taa nyekundu usiku, na mchana huwapo alama yake. Akiiona, anajua treni imefika nzima, haikukatika porini ikaacha mabehewa mawili matatu yamelala juu ya reli. Asipoiona, hata kama dereva anapunga mkono na akina mama wanashusha mizigo yao wakicheka, kwake yeye njia bado haijafunguka.

Msafiri wa Reli ya Kati haambiwi maana ya jambo hilo. Ni reli moja tu, toka Dar es Salaam hadi Kigoma, karibu kilomita 1,250, na tangu Wajerumani walipoifikisha ziwani mwaka 1914, treni iendayo na irudiyo hutumia chuma kilekile, zikipishana stesheni. Enzi za mjomba, huku waliomba njia kwa simu, kule wakakubali au wakakataa. Wakikubali, ruhusa iliandikwa daftarini na kwenye karatasi ya dereva. Bila karatasi hiyo treni haikuondoka, hata liwe jua la saa sita na reli imenyooka mpaka upeo wa macho.

Treni ya mizigo isiyosimama ilipokea karatasi yake ikiwa mwendoni. Usiku ule nilioruhusiwa kukesha naye, mjomba aliifunga karatasi kwenye pete kubwa yenye mpini, akaniamuru nishike nguzo nisiiachie. Kwanza changarawe zilianza kuongea chini ya miguu. Kisha taa ikatokea kwenye kona ya miombo, ikakua, ikatufanya sote weupe. Mjomba aliinyoosha pete juu, mkono umetulia kama mtu anayempa jirani kikombe cha maji. Mkono mwingine ukachomoza gizani toka kwenye kichwa, ukapita katikati ya pete, ukaenda nayo. Upepo wa mafuta ya moto ulinipiga usoni. Mabehewa yakapita, yakapita. Nilikuwa bado nautazama mwanga wa mbele ukipotea, naye tayari amegeuka upande wa pili, anaungoja mkia.

Vijana wengi wa wakati wake walitaka udereva. Dereva ana kofia, ana sifa, kila stesheni anajulikana. Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, mbona wewe hukuutaka?"

Alikawia kujibu. "Ile simu, mpwa wangu. Mtu humwoni, yuko mbali huko porini, anakuuliza kama aje. Unamwambia njoo, naye anakuja na watu wote wale, wamelala."

Mjomba alimjua mwenzake wa stesheni iliyofuata kwa sauti miaka kumi na mmoja, wakaonana uso kwa uso mara mbili. Alikijua kikohozi chake. Aliujua usiku ambao mwenzake alipata mtoto, kwa sababu sauti ilikuwa ikitetemeka, na usiku huo, aliniambia, alimtaka arudie kila namba mara mbili. Mwenzake hakuchukia. Mimi sijawahi kusikia urafiki mkubwa kuliko huo.

Kazi hii ilifunzwa kwa damu. Tarehe 10 Septemba 1874, huko Thorpe, karibu na Norwich nchini Uingereza, ujumbe wa telegrafu wa kuruhusu treni ulitumwa kabla haujatiwa saini. Treni mbili zikaingia njia moja, watu 25 wakafa. Miaka minne baadaye Edward Tyer akasajili mtambo wake wa vibao vya kuruhusu treni: kibao kimoja kikishatoka, mtambo unakataa kutoa kingine. Mjomba hakuwahi kulisikia jina la Thorpe. Lakini neno lililotangulia mbele ya hakika ndilo aliloliogopa maisha yake yote, na hata nyumbani hukumsikia akisema mgeni amefika mpaka mgeni aketi.

Siku hizi "nimeshafika" husemwa na mtu ambaye hajatoka kwake. Habari ya msiba inasambazwa kwenye simu na marehemu bado anakunywa uji. Tunasema njia ni nyeupe kwa kuwa tunataka iwe nyeupe.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa, ruhusa inatokea kwenye kioo mbele ya dereva, na mitambo ndiyo inayojua kipande gani cha reli kina treni. Nimeipanda, nikafurahi. Mitambo haisinzii. Lakini ile stesheni ya utoto wangu haina tena mlango wala daftari, na mtoto wa pale hatamwona mtu akiupa mgongo msisimko wote ili akatazame kinachokuja mwisho.

Mjomba sasa amestaafu, macho yana ukungu, nyumba yake haiko mbali na reli. Nilipomtembelea mara ya mwisho tulikuwa tumeketi kwenye mkeka, wakati wa magharibi, ikasikika treni ya mizigo. Aliinuka akishika ukuta. Alisimama mpaka kishindo kilipokwisha.

"Umeiona taa?" akaniuliza.

Simu yangu ilikuwa mkononi, inawaka.

"Sikutazama, mjomba."

Hakunigombeza. Alibaki amesimama, uso umeelekea kule treni ilikokwenda. Chai ikapoa, giza likaingia, naye hakuketi.