Nyuzi Nyingi, Amana Moja

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una umbo la pili lisilo la mawe. Wapimaji wa mradi wa Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, waliumulika kwa leza pamoja na maghofu mengine ya huko na ya Songo Mnara, wakapata mamilioni ya nukta. Ukuta ukipimwa tena miaka ijayo, nukta hizo zitasema umeinama kiasi gani.

Anayezilinganisha kwa lugha ya Python huandika mistari michache inayosomeka kama barua. Chini yake hufanya kazi viendelezi vilivyoandikwa kwa lugha ya C, kama vile NumPy, maana Python peke yake ingehesabu polepole mno. Nawasifu mafundi wa viendelezi hivyo.

Kwa takriban miaka 30 Python ililindwa na kufuli moja kuu: hata kompyuta iwe na viini vinane, uzi mmoja tu, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, ndio ulioendesha msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Fundi mzuri aliliachia kabla ya hesabu ndefu ili nyuzi nyingine zisonge, akalishika tena kabla ya kugusa chochote cha Python. Lakini kufuli hilo lilisitiri uzembe mwingi. Likiondolewa, kiendelezi kikiwa na jumla moja inayotumiwa na nyuzi mbili bila ulinzi, zote zinaweza kusoma tano na zote zikaandika sita. Ongezeko moja limepotea. Programu haianguki. Inatoa jibu, na ukuta ulioinama unaonekana umesimama.

Mwaka 2023 pendekezo la Sam Gross, PEP 703, lilikubaliwa, na Oktoba 2024 toleo la 3.13 likaleta, kwa majaribio, Python isiyo na kufuli hilo. Humo kiendelezi hutakiwa kutamka kwamba hakilihitaji. Kisipotamka, Python hulirudisha kwa programu nzima. Tamko ni jambo la mstari mmoja, na Python hulipokea bila kulihakiki. Majaribio nayo yanaweza kupita mara elfu, kosa likangoja siku nyuzi zitakapokutana vibaya.

Kwa hiyo fundi hupitia kila kigeu cha pamoja. Kwa kila kitu alichoazima kwenye orodha ya Python hujiuliza: uzi mwingine ukikiondoa sasa hivi, nitabaki nimeshika nini? Huweka kufuli dogo panapostahili, na makufuli mawili huyashika kwa mpangilio uleule daima, nyuzi zisije zikangojana milele.

Ninaowaheshimu zaidi ni wale ambao, uchunguzi ukiwa haujakamilika, hawauandiki mstari ule wa tamko. Huiacha Python iende taratibu, kwani mtumiaji hana njia rahisi ya kuwakagua. Ana imani yake tu, na imani hiyo ni amana. Mwenda pole hajikwai.