Gunia la Jezi

Jezi kumi na sita zimetoka, kumi na tano zimerudi. Jua limeshazama nyuma ya mabati ya Temeke. Wachezaji wamekaa mchangani wakivua njumu na kubishana juu ya penalti tuliyonyimwa, nami nimepiga magoti mbele ya gunia, nahesabu kwa mara ya tatu. Namba saba haipo. Namba saba huwa haipo. Winga wetu ana mchumba mpya mtaa wa pili, na bluu inampendeza.

Niliucheza mpira vibaya kwa miaka minne, kisha nikawa katibu wa timu ya mtaa kwa miaka tisa. Kama miguu yangu iliwahi kufanya kazi ya maana, ni katika hiyo tisa, kwa kutembea: kwa seremala, kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa mama wa golikipa kumwomba mwanawe asitumwe sokoni Jumapili. Watu husifu chenga na kanzu, na wanastahili kusifu. Mimi namsifu anayebeba gunia.

Kuanzisha timu ni kazi ya jioni moja. Mara nyingi chanzo chake ni kununa: vijana wanne watano wamewekwa benchi na timu ya mtaa jirani, wamerudi kijiweni wamefura, na kabla kahawa haijapoa wana timu yao, nahodha wao na rangi yao. Wala tusiwacheke. Yanga ilizaliwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na masimulizi mengi ya Kariakoo yanasema hiyo ya pili ilitokana na watu waliotofautiana na wenzao wa ile ya kwanza. Hata jina lisitusumbue. Wazee hukunja uso wakisikia watoto wamejiita kwa klabu ya Hispania au Uingereza, na wamesahau kwamba Simba yenyewe iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Sisi tulibishana juu ya jina kwa wiki tatu. Lililoshinda lilikuwa baya kuliko yote, nami naliona haya mpaka leo.

Kazi huanza Jumapili ya pili. Ile ya kwanza wote huja, hata wasioalikwa, na mpira mmoja unagombaniwa na watu thelathini. Ya pili wanakuja tisa. Ya tatu unasimama kando ya uwanja, refa anatazama saa, wewe unatazama barabara. Sheria za mpira ziko 17, na ninayoijua kwa uchungu ni ya tatu: timu ni watu kumi na mmoja, lakini wakiwa pungufu ya saba mechi haianzi. Nimewahi kuwa na sita. Wa saba alikuwa kwenye simu akiniambia yuko njiani, na nyuma ya sauti yake nilimsikia mamake akimuuliza kama ameamka.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Ukimuuliza mtu "Unakuja?" umempa mlango wa kutokea. Muulize, "Nikuwekee namba ngapi?" Akishataja namba amejifunga, na ni wachache wenye uso wa kumwachia katibu jezi mkononi. Nilijifunza pia kwamba kila mchezaji ana bosi wake. Beki wetu wa kati alikuwa konda wa daladala, kwa hiyo ilinibidi nizoeane na dereva wake. Viungo wawili walikuwa vibarua wa ujenzi, na siku ya kumwaga zege hakuna mechi duniani inayoweza kuwatoa kwenye mstari wa ndoo. Kwa hiyo nikawa najua ratiba ya zege ya Temeke nzima kuliko wakandarasi. Nilijua nani kafiwa, nani kafukuzwa kwa kudaiwa kodi, nani ana mtoto anayeumwa. Mechi ya ugenini nilipangia nauli. Mwezi wa Ramadhani nilihamishia mazoezi usiku, baada ya tarawehe, chini ya taa ya fremu ya duka ambalo mwenyewe alikuwa shabiki wetu, au alikuwa shabiki wa soda tulizonunua.

Halafu kuna uwanja. Wetu ulikuwa mchanga mtupu, upande mmoja mbuzi, upande mwingine jalala. Kule Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987 kimekuwa kikizipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mitaa, na nilipoisikia habari hiyo nilitamani kuwa na mamlaka ya namna hiyo. Sisi tulizoa taka bila pointi. Mistari tulichora kwa majivu ya mkaa ya mama lishe. Chokaa ni nyeupe na inapendeza, lakini ile isiyozimwa vizuri inachoma ngozi, na mtu akiteleza nayo kifua wazi hurudi kwao na malengelenge. Goli ni mita 7.32 kwa 2.44, nasi hatukuwa na futi ya kupimia. Tulipima hatua nane ndefu za nahodha, tukasimika mirunda miwili, wa tatu juu. Miezi sita baadaye tukagundua lango la upande wa jalala ni pana kuliko lenzake kwa karibu hatua nzima. Tulinyamaza, tukawa makini kuchagua upande.

Nyavu tulizifuata Feri, kwa wavuvi. Lugha yetu imeuita wavu wa samaki na wavu wa goli jina moja, na kwetu ulikuwa kweli wavu mmoja. Uliochakaa baharini hauhimili shuti la karibu, hivyo mzee mmoja alitufundisha kuushona upya kwa kamba ya manila, fundo kwa fundo. Wiki nzima nyavu zilinuka dagaa. Washambuliaji walisema harufu hiyo ndiyo ya ubingwa.

Lakini niulize juu ya mpira wenyewe, maana huo nimeuhudumia kuliko mtoto. Mchanga unakula ngozi yake kama msasa. Maji ya mvua yakiingia kwenye mshono, gozi linakuwa tofali. Baada ya mechi unapanguswa, unapunguzwa upepo kidogo, unaanikwa kivulini. Juani kamwe. Na sindano ya pampu haiingizwi kavu. Kavu inachana mdomo wa mpira kwa ndani, na mpira uliochanwa huko huvuja polepole bila kupasuka. Utajaza asubuhi, saa kumi jioni umelegea kama papai. Iloweshe kwanza, hata kwa mate, ndipo uisukume kwa utaratibu. Sindano yenyewe ni ndogo kuliko njiti mbili za kiberiti, na mechi nzima inaitegemea. Yangu niliifunga kwa uzi kwenye funguo za nyumbani.

Fedha sizitaji sana, maana hazikuwapo. Kulikuwa na daftari, na daftari lina adabu yake: deni la mtu halisomwi mbele ya wenzake. Ukilisoma, utapata shilingi mia tano na kupoteza beki. Wenzetu wa nchi nyingine wakisikia timu ina kamati ya ufundi watadhani ni watu wa mbinu za uwanjani. Sisi tunajua ni wazee watatu wanaoomba nauli ya kwenda kwa mganga Bagamoyo. Mwaka mmoja waliomba kiasi kinacholingana na bei ya mpira mpya. Niliwapa nusu, nusu nikanunua bendeji na barafu. Tukafungwa tatu bila. Kamati ikasema tatizo ni ile nusu iliyokosekana, na kwa kweli sikuwa na hoja ya kuwajibu.

Gumu kuliko yote ni kumwambia mtu hachezi. Kocha hupanga majina kisha hujifanya anafunga kamba za viatu. Habari huipeleka katibu. Hutakiwi kusema mbele za watu, wala kwa ujumbe wa simu. Unamtenga kando, unampa chupa za maji azishike, unamwambia dakika ya sitini tutakuhitaji, kisha, na hapa ndipo penye kazi, dakika ya sitini unahakikisha ameingia, hata kama mnaongoza, hata kama kocha amekunja ndita. Aliyedanganywa mara moja harudi.

Machi 2020 Mbwana Samatta aliifungia Aston Villa goli la kichwa Wembley, kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mtaa mzima ulipiga kelele, ingawa tulifungwa mbili kwa moja. Nasema tulifungwa kana kwamba tulikuwapo. Kabla ya Ubelgiji, kabla ya TP Mazembe na Simba, kijana huyo wa Mbagala alikuwa African Lyon, timu ambayo mwanzo iliitwa Mbagala Market. Jina la soko! Nilipokuwa nashangilia nilijikuta nawaza kuhusu soko hilo, na mtu fulani nisiyemjua, katikati ya mafungu ya nyanya, akihesabu jezi.

Gunia nilimkabidhi kijana aliyekuwa kiungo wetu wa akiba, pamoja na pampu na daftari lenye madeni yasiyolipika. Sikumpa maelekezo mengi. Nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa na haraka. Jumapili iliyofuata nilisimama nje ya mstari wa majivu kama mtazamaji, mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Mpira ulikuwa umelegea. Kijana akatoa sindano mfukoni, akageuka asionekane na refa, akaitia mdomoni, akailowesha, ndipo akaisukuma taratibu.

Winga aliingia amevaa namba saba. Niliondoka dakika ya themanini, kabla jezi hazijaanza kuhesabiwa.