Kupima Ubao Mama Katika Hewa ya Pwani

Imezoeleka siku hizi, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini, kusifiwa kwa kompyuta yoyote iliyofungwa ndani ya kasha dogo la kioo lenye taa za rangi, ilhali ubao mama uliomo ndani, yaani ule unaounganisha prosesa, RAM na vifaa vingine vyote, haujatazamwa na hata mmoja wa wasifiaji hao.

Vipimo vinavyoshindaniwa ni vitatu. Ubao kamili wa ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995, una milimita 305 kwa 244. MicroATX ni mraba wa milimita 244. Na Mini-ITX, iliyobuniwa na VIA mwaka 2001, ni mraba wa milimita 170 wenye sloti moja tu ya kadi ya nyongeza. Mgeni wa kazi hii huhesabu sloti, akadhani amekwisha kuchagua.

Asichokiona kamwe kiko kando ya soketi ya prosesa: safu ya koili, mosfeti na kapasita ambazo kwa pamoja huitwa VRM, na ambazo kazi yake ni kushusha volti 12 zitokazo kwenye pawasaplai hadi volti moja na ushei inayohitajiwa na prosesa. Prosesa inayotumia wati 100 kwa volti 1.2 huvuta zaidi ya ampea 80, na hata VRM yenye ufanisi wa asilimia 90 hupoteza wati zipatazo 10, zikageuka joto papo hapo. Basi mchana wa Februari, feni inapovuta hewa iliyokwisha kupita nyuzi 30, joto hilo halina pa kwenda ila kwenye kipoza joto cha metali na kwenye shaba ya ubao wenyewe. Ubao mpana una nafasi ya kulisambaza, lakini ule mdogo hulazimika kurundikiwa tabaka nyingi za shaba, na ndiyo maana Mini-ITX iliyotengenezwa vyema huwa ghali. Mini-ITX ya bei ya chee ni ushahidi dhidi ya muuzaji wake.

Mjuzi hukitazama kipoza joto kwa ubavu, si kwa juu, kwa kuwa kilichochongwa mifereji hupitisha hewa, ilhali vingi vinavyosifiwa ni vifuniko vya plastiki tu. Kisha hutazama kapasita zilizo jirani, kwani zile za elektroliti, zenye kimiminika ndani, hukadiriwa kuongeza uhai maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua. Mafundi wa zamani wa Kariakoo waliipa mashine kazi nzito, wakapeleka kidole nyuma ya ubao, na hukumu ikatoka hapo hapo. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na kizazi kilichoibuka baada ya masharti kulegezwa kilijifunzia kwenye mbao pana, ambazo kila kiungo chake kilifikika kwa chuma cha kulehemu; jicho la namna hiyo halifundishwi tena.

Walaghai nao wana ufundi wao. Zipo mbao zinazouzwa kwa jina la X99 ilhali chipseti yake, yaani kidude kinachoratibu mawasiliano ya ubao, imechomolewa kwenye B85 au H81 kuukuu za ofisini. Zipo pia zilizoliwa na chumvi ya bahari, ambayo ikichanganyika na vumbi hunyonya unyevu na kuotesha kutu ya kijani juu ya shaba. Hizi husuguliwa kwa spiriti na brashi hadi zing'ae, lakini msuguaji husahau kingo za matundu ya skrubu na ndani ya soketi za USB.

Kipimo halali cha pwani ni microATX. ATX ni ya mwenye kadi nyingi, na Mini-ITX iachiwe chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa. Ubao mama unaosifiwa kwa weupe wake tu haustahili kujadiliwa.